Ndoo, Sindano, Dirisha

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, ambao nasikia wamerefuka mpaka wanamwona mama yao utosini. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi ameniambia bado unabeba ndoo za maji mbilimbili kama kijana anayetafuta mchumba. Acha, Kaka. Mchumba ulishampata na hajakimbia. Huku sisi tupo. Mimi ni mzima, ofisi inapumua, na Baba anakula vizuri na kulalamika vizuri, na kwa umri wake hizo ni dalili mbili nzuri za afya.

Umeniuliza kwenye simu, zaidi ya mara moja, kama Baba anaweza kuendelea kuishi peke yake au uje umchukue akakae kwako. Kila mara nilikwambia uniachie mimi, kwamba hiyo ndiyo kazi inayonipa mkate. Leo nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu una tabia ya kusema “sawa, sawa” kabla sijamaliza, halafu unafanya unavyotaka. Karatasi haikatizwi. Na tafadhali usiruke mistari kwenda kutafuta jibu huko chini. Nakujua.

Nianze na habari za kazi, maana jibu limo humohumo.

Watu bado hawajui afisa ustawi wa jamii anafanya nini. Wewe mwenyewe siku ya harusi yako ulinitambulisha kwa wakwe kwamba “huyu anafanya kazi na watu,” na mzee mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama ni udalali. Mtaani naitwa Mchukua Watoto. Akina mama wakiniona natokea kwenye kona na begi langu, wanawaambia wanao wafute kamasi haraka, yule kaja. Ukweli ni kwamba watoto niliowahi kuwaondoa majumbani kwao ni wachache, na kila mmoja nilimlilia kwenye choo cha ofisini, bomba likiwa wazi ili mhasibu asisikie. Wale niliowarudisha kwa wazazi wao hakuna anayewazungumzia. Mtoto akiwa kwao anaonekana wa kawaida tu, kama vile hakuna aliyehangaika.

Ofisi ina gari moja. Gari lina dereva, dereva ana funguo, kinachokosekana ni mafuta. Kwa hiyo natembea, na kutembea kumenifundisha kazi hii kuliko chuo. Unakumbuka nilianza pale kama mpokea wageni, kwenye ile meza ya mlangoni inayoyumba. Nilikuwa naangalia nani anaingia amevaa viatu vya nani, na nani anaongea kwa niaba ya nani. Cheti kilikuja baadaye, kikanifundisha majina marefu ya vitu nilivyokuwa nimeshaviona.

Utaratibu wetu unataka tukienda kumtembelea mtu nyumbani tumpe taarifa. Na ukimpa mtu taarifa, atafanya ambacho hata wewe ungefanya: atapiga deki. Nyumba inanukia sabuni kuanzia barabarani. Watoto wamepakwa mafuta mpaka wanateleza ukiwashika mkono. Kuna mama mmoja aliazima magodoro kwa majirani, nilipofika kila mtoto alikuwa na lake, kama hospitali ya matajiri. Shida ni kwamba watoto wenyewe walikuwa wamesimama wanamuuliza kama kweli wanaruhusiwa kuyakalia. Sikumwaibisha. Nilikunywa maji yake, nikamwambia nitapita tena siku nyingine akiwa anafua, na asihangaike na magodoro. Alicheka mpaka akalia, na alipomaliza kulia akaanza kusema ukweli: alihitaji godoro moja na mume asiyempiga. Godoro lilipatikana wiki ileile. Mume alihitaji polisi, mahakama na subira yangu yote, na siku moja alinisubiri nje ya ofisi kunieleza atakachonifanya. Leo anaishi kwingine. Yule mama anauza nguo sokoni na ananisalimia kwa sauti, jambo ambalo wenzake hawathubutu.

Kwa mambo kama hayo nikaanza kujisikia. Ofisini kuna mwenzangu tunamwita Fundi Breki, kwa sababu ukimpelekea wazo lolote, hata la kwenda kunywa chai, kwanza anasimama, anafikiri, anaangalia nyuma. Siku moja nilimtambia kwamba hakuna nyumba inayoweza kunidanganya mimi. Akanitazama juu ya miwani akauliza kama ni nyumba zote. Nikasema zote. Akasema “haya,” akarudi kwenye faili lake. Yule mtu ana namna ya kusema haya inayomwondolea mtu hamu ya kula mchana.

Sasa tuje kwa Baba.

Wazee wanapoletwa kwetu kwa wasiwasi kwamba wanasahau, huwa tunawauliza maswali madogo kabla ya kuwapeleka kwa daktari. Leo ni siku gani. Asubuhi umekula nini. Halafu tunawatajia vitu vitatu, tunaongea mengine kidogo, kisha tunawaomba wavirudie. Vitu vyangu ni ndoo, sindano, dirisha. Kila afisa ana vyake, na mimi sijawahi kuvibadilisha vyangu tangu nianze. Vinanitoka mdomoni vyenyewe, kama salamu.

Wewe uliponiambia kwamba Baba anakurudia hadithi ileile kwenye simu, nikaanza kumpima kila Jumapili nikienda kumwona. Sikumwambia. Ni marufuku kushughulikia jambo la ndugu yako wa damu, unatakiwa umpe mwenzako. Lakini nilijiambia kwamba hii si kazi, ni mazungumzo tu ya baba na binti. Na Baba alifaulu, Kaka. Alifaulu kupita kiasi. Nikimuuliza siku, ananipa siku, tarehe na mwezi kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia abiria kwamba treni inakaribia kuondoka. Nikimtajia vile vitu vitatu, tukaongea habari za bei ya sukari, nikamwomba avirudie, anavirudia hata kabla sijafunga mdomo. Nikawa narudi kwangu nimetulia. Ndiyo maana nilikujibu vile, na kwa kiburi kidogo, naomba radhi. Nyumba yake ilikuwa inanukia sabuni kila Jumapili, na mimi, mtaalamu wa sabuni, nikasema kumbe mzee anajitunza.

Jumapili moja mwezi uliopita nilifika kama kawaida. Nilikuwa bado mlangoni navua viatu, mkate mkononi. Nikasema shikamoo Baba. Alikuwa amekaa kwenye kochi, shati limefungwa vifungo vyote mpaka cha shingoni, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. Akanitazama, akakohoa kidogo, akasema:

“Ndoo, sindano, dirisha.”

Sikuwa nimemtajia kitu. Sikuwa hata nimeingia ndani.

Alisubiri. Aliponiona kimya akadhani amekosea, akarudia polepole, akikunja kidole kimoja kwa kila neno. Halafu akaniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kama amepita.

Nilimwambia umepita, Baba, umepita vizuri sana. Nikaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Jirani yake ni yule msusi wa nywele, mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Nilimkuta na mteja, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Nilimuuliza kitu kimoja tu: tangu lini? Hakuniuliza tangu lini nini. Alisema, “Dada, usinitazame hivyo. Mzee aliniomba mwenyewe. Mtu wa umri wa baba yangu, ningemwambiaje hapana?” Kumbe kila Jumapili asubuhi msusi anaenda kwa Baba, anapiga deki, anamchagulia shati, anamwambia tarehe, anamkumbusha alichokula, na wanarudia vile vitu vitatu mpaka vimkae. Siku za kawaida pia wanafanya mazoezi, Baba akiwa amekaa pale kwenye benchi la wateja. Nikauliza, na akikosea? Msusi akasema, “Tunaanza upya. Mzee hana mchezo.” Yule mteja, akiwa ameinamisha kichwa, akavitaja vyote vitatu bila kuombwa na mtu. Na kwa mpangilio.

Usiniulize Baba alijuaje kwamba ule ni mtihani, maana ni mimi niliyemwambia. Kila Jumapili nilikuwa namhadithia Baba visa vya kazini, bila kutaja watu, ili tu acheke, kwa sababu tangu Mama afariki nyumba ile ina kimya kingi. Nilimsimulia habari za mzee mmoja aliyekataa kurudia, akaniambia kama nataka ndoo nikainunue mwenyewe. Baba alicheka sana. Na mimi, kwa kuwa napenda kumaliza hadithi zangu, nikamsimulia na mwisho wake: kwamba yule mzee hakuwa na mtu, tukampeleka makao ya wazee, na nyumba yake ikafungwa. Hapo Baba hakucheka. Nikadhani amechoka.

Msusi akanieleza na mengine aliyokuwa ameyabeba peke yake. Sufuria iliyoungua mpaka ikatoboka. Na siku ambayo Baba alivaa kofia yake ya kazi, akatembea mpaka kituo cha reli, akasimama getini akiwaomba abiria tiketi. Msusi alimfuata akiwa bado na kitana mkononi. Anasema abiria wengine walikuwa wanamwonyesha tiketi, na yeye anazigeuza, anazikagua, anawarudishia na kuwatakia safari njema.

Nilirudi nikakaa karibu na Baba. Nilikuwa bado nayapanga maneno yangu, yale ninayowaambia watu wengine. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema alikuwa ameona viatu vyangu mlangoni kwa msusi, kwa hiyo anajua kwamba najua. Alisema nisimkasirikie yule binti. Halafu akaniambia, “Mimi nimekamata wasio na tiketi maisha yangu yote, nawajua. Kuna anayejifungia chooni, kuna anayejifanya amelala, kuna anayebeba mtoto wa mwenzake ahurumiwe. Nikaona na mimi nijaribu kusafiri kidogo.” Nilicheka bila kutaka. Halafu yeye akacheka pia.

Nikamuuliza kwa nini anifiche mimi, binti yake. Hapa, Kaka, kama umesimama, kaa. Alisema hakunificha mimi. Alimficha afisa. Alisema zamani Jumapili alikuwa anakuja binti yake na mkate, lakini siku hizi anakuja afisa ameshika mkate, anakagua jiko, anakagua choo, anauliza maswali huku akitabasamu. Binti angemwambia kwamba ameanza kupotea, maana binti angemshika mkono. Afisa angeandika.

Baba alikuwa ananiogopa mimi. Nimezoea kuogopwa mtaani, ni sehemu ya mshahara. Sikujua kwamba kila Jumapili kuna mzee anafunga kifungo cha shingoni kwa sababu nakuja.

Jumatatu nilimweleza Fundi Breki kila kitu, tangu nilivyovunja utaratibu mpaka pale mlangoni. Nilikuwa nasubiri ile haya yake. Hakuisema. Alivuta faili jipya, akaandika jina la Baba juu yake, akaniambia kuanzia saa ile mimi kwenye faili hilo ni binti tu, na kazi ya binti ni kukaa nje. Alipoenda kwa Baba, nilikaa uani kwenye kiti cha plastiki kama ndugu wengine wote niliowahi kuwaambia wakae nje, nikagundua kwamba kiti kile ni kigumu na kwamba dirisha halipitishi maneno ya kutosha.

Alimpa taarifa, lakini alimpa na sharti: hakuna kupiga deki, hakuna mazoezi. Kama alivyonisimulia baadaye, Baba aliulizwa siku, akasema hajui, na hata haimhusu sana kwa kuwa hana zamu. Akatajiwa vitu vitatu vya Fundi Breki, akakumbuka kimoja, na kwa hicho kimoja akaomba asahihishiwe kwa wema. Kisha Fundi Breki akamuuliza anataka nini.

Kaka, miezi yote hiyo nilimuuliza Baba kila kitu isipokuwa hicho.

Alijibu bila kutafuta. Anataka kubaki kwenye nyumba yake aliyoijenga na Mama, ambayo mkono wake unajua swichi zilipo hata kichwa kikisahau. Hataki mlango ufungwe kwa nje. Na akikosea kitu, aambiwe tu kwamba amekosea, isiwe kesi.

Tulimpeleka kwa daktari. Ni ule ugonjwa wa kusahau, umeanza, unakwenda polepole. Hauponi, ila ana dawa za shinikizo la damu za kumeza bila kukosa, na anatakiwa asikae peke yake na asikae kimya. Kwa hiyo jibu lako ni hili: hapana, Baba hawezi kuishi peke yake. Ulikuwa umeona sawa na mimi sikuona. Na hapana, hutamchukua. Kwako ni kuzuri, wifi ana moyo, lakini kwako Baba ataamka kila asubuhi akitafuta choo mahali palipo na kabati, na kila asubuhi ataona aibu upya.

Nimeshahamia kwake. Nakaa chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunagombania kitanda cha dirishani. Sasa nimekipata kitanda hicho bila ugomvi, na nakuambia hakikuwa na maana yoyote, kinaingiza mbu. Mimi nikiwa kazini, Baba hakai peke yake, kwa sababu msusi amehamishia saluni yake kwenye sebule yetu, upande wa barabarani. Alikuwa amebanwa kwenye kile kibanda chake na mvua ilikuwa inamnyeshea. Tumekubaliana, Fundi Breki ameandika, wote wametia saini, Baba kwa mwandiko ule wake wa kikazi. Kuna watu mule ndani tangu asubuhi mpaka jioni. Baba anawapokea mlangoni, anawapanga nani wa kwanza nani wa pili, na akiona mtu anaruka foleni anamtoa. Anawasimulia kile kisa cha abiria aliyejificha ndani ya gunia la mkaa. Wewe hadithi hiyo imekuchosha, lakini wateja wanabadilika kila siku, na kila siku inakuwa mpya. Mmoja alitaka kuondoka na nywele nusu kwa kucheka. Mtungi wa gesi naufunga mwenyewe kabla ya kutoka. Mlango una kengele, haufungwi kwa nje. Akitaka kwenda kituoni, mtu anamsindikiza, anakaa kidogo, wanarudi.

Haitakuwa hivi daima, sikudanganyi. Ninaijua njia hii kwa sababu nimewasindikiza wengine. Itafika siku ambayo hata swichi atazisahau, na siku hiyo nitakuwa wa kwanza kukupigia tukae tuamue tena, tukimuuliza na yeye kadiri atakavyoweza kujibu. Lakini kwa sasa mpango huu unasimama, na ninausimamia bila wasiwasi, kwa sababu safari hii haukutoka kichwani mwangu tu. Kutoka kwako nahitaji likizo yako. Uje ukae hapa, mimi nilale nyumba ya mwingine na kuamka saa ninayotaka. Usije na mpango wowote. Njoo na nguo za kulalia.

Na kuna jambo moja dogo zaidi. Ukipiga simu huwa unaanza kwa kumtania: “Haya mzee, nani huyu anaongea?” Najua ni utani wenu wa siku nyingi. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa kando yake ulipopiga. Aliziba simu kwa kiganja, akanigeukia, akaninong'oneza, “Nani huyu?” Nikamwambia. Akaondoa kiganja, akakwambia kwa sauti kubwa, “Nitakusahauje wewe, kichwa kikubwa!” Na wewe ukacheka sana, nilikusikia.

Kuanzia sasa, Kaka, anza kwa kusema wewe ni nani. Sema, “Baba, ni mimi, mwanao mkubwa.” Sema kwa kawaida, kama watu wote wanavyosema. Halafu mtanie unavyotaka.

Nisalimie wifi na watoto, na majirani wanaonikumbuka. Baba amekaa hapa pembeni anasubiri nimalize niweke chai. Anasema uwasalimie wote waliomo nyumbani kwako, na aliyetoka umwekee salamu zake mpaka arudi.

Ni mimi mdogo wako, wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kubisha.